Goti Linalia na Bado Uko Twenti? Cheki Kiti cha Baiski Kabla Ulaumu Baridi ya Nax

Ukipita Kenyatta Avenue hapa Nakuru asubuhi, wacha kucheki baiski, cheki magoti ya wenye wamezipanda. Wengi wanapiga pedali goti likipanda hadi karibu na kifua, kama mtu mzima amekalia kiti cha nasari. Kiti kimeshushwa hadi kimelala juu ya fremu. Uliza msee mbona amekiweka hivyo na jibu ni lile lile: "Ndio miguu ifike chini nikisimama."

Hiyo hesabu ndio inaumiza watu. Kiti cha baiski hupimwa kutoka kwa pedali, si kutoka kwa lami. Kama umekaa kwa kiti na nyayo zote mbili zimekanyaga chini vizuri, karibu kila mara kiti kiko chini sana, na mwenye atalipa hiyo deni ni goti.

Na kwa wengi hapa Rift, goti ndio jobo. Kuna wasee wa mashamba ya maua Naivasha wenye huendesha Moi South Lake Road kila siku, wauza maji wa mtaani na mitungi yao, wanafunzi wa Egerton kule Njoro, na watu wa mjengo wenye waliamua nauli ya mathree ni ganji ya kupoteza. Ukilala keja wiki mbili ju ya goti, hakuna mtu atakulipa. Kurekebisha kiti nayo inataka spana moja, futi ya kupimia na kama dakika ishirini.

Venye goti hukasirika

Piga hesabu ya haraka. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, na hiyo ni mwendo wa polepole tu, kila goti linajikunja na kujinyoosha mara 3,600 kwa saa. Kama kiti kiko vibaya, kosa moja dogo linarudiwa mara 3,600. Ndio maana mtu anaweza kucheza boli wikendi nzima na asiskie kitu, lakini safari ya Jumatatu kwa baiski inamwacha akishika ukuta akishuka ngazi.

Kiti kikiwa chini, goti linabaki limekunjwa sana wakati ndio unasukuma kwa nguvu. Ule mfupa wa mviringo ulio mbele ya goti unagandamizwa kwa mfupa wa paja, na kadri goti limekunjwa ndivyo unagandamizwa zaidi. Ni kama kupanda ngazi za ghorofa ukiwa umechuchumaa nusu. Maumivu yanakuja mbele ya goti, na utayaskia zaidi kwa mlima, ukiinuka baada ya kukaa sana, ama ukishuka ngazi jioni.

Kiti kikiwa juu sana, shida inahamia nyuma. Mguu unanyooka hadi mwisho kila mzunguko na kano za nyuma ya goti zinavutwa. Halafu unaanza kunyoosha vidole vya mguu chini ndio ufikie pedali, kano ya kisigino nayo inaanza kulalamika. Mwishowe nyonga zinacheza kushoto na kulia juu ya kiti, na hapo kiuno, mgongo wa chini na hata upande wa nje wa goti vinaingia kwa hiyo kesi. Ukitaka kujua kama uko hapa, ambia beshte yako aendeshe nyuma yako. Kama anaona makalio yako yanapimana kama mizani, shusha kiti.

So kwa kifupi: maumivu ya mbele, pandisha kidogo, maumivu ya nyuma, shusha kidogo. Hiyo kanuni haimalizi kila kitu, lakini ndio pahali pa kuanzia, na inashinda kumeza dawa ya maumivu kutoka kwa kemisti kila jioni halafu asubuhi unarudi kwa kiti kile kile.

Kipimo cha kisigino

Hii ndio njia ya mtaa na inafanya kazi. Egemeza baiski kwa ukuta, ama mwambie mtu akushikie. Vaa viatu vyenye huendesha navyo. Panda, kaa kwa kiti vizuri, nyonga zikiwa sawa. Weka kisigino kwa pedali, zungusha kinyumenyume hadi pedali ifike chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka, goti liwe limenyooka bila kulazimisha na bila kuinamisha nyonga upande mmoja. Sasa ukirudisha mguu pahali pake, ile sehemu pana nyuma ya vidole ikiwa juu ya pedali, goti litakuwa limekunjika kidogo tu. Hapo ndio unapataka.

Kama goti lilikuwa bado limekunjwa kisigino kikiwa kwa pedali, kiti kiko chini. Kama kisigino hakifiki, kiko juu.

Angalia viatu lakini. Wasee wengi wa mashamba huendesha na gambuti, na gambuti ina kisigino kinene kuliko mbele. Ukipima nayo utajipata umepandisha kiti kupita kiasi, so ukimaliza kupima shusha kidogo. Na kama wiki nzima ni gambuti lakini Jumapili ni raba nyembamba, pimia kile chenye huvaa siku nyingi.

Ukitaka namba

Kuna wenye hawaamini kitu bila namba, na ziko. Simama bila viatu, mgongo kwa ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya miguu na ukivute juu hadi kikae imara kama vile ungekuwa umekalia kiti. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Huo ndio urefu wa mguu wako wa ndani.

Zidisha hiyo namba kwa 0.883. Jibu ndio umbali kutoka katikati ya pahali krenki zinazunguka hadi juu ya kiti, ukipima ukifuata bomba la kiti. Hii njia ilijulikana sana kupitia Greg LeMond, Mmarekani mwenye alishinda Tour de France mwaka wa 1986, 1989 na 1990. Njia ingine ni ya Hamley na Thomas, watafiti wa Uingereza, ya mwaka wa 1967: zidisha mguu wa ndani kwa 1.09, upate umbali kutoka kwa pedali ikiwa chini kabisa hadi juu ya kiti.

Tuseme mguu wako wa ndani ni sentimita 80. Ya LeMond inakupa sentimita 70.6. Ukiongeza krenki ya sentimita 17, ambayo ni ya kawaida, unapata 87.6. Ya Hamley na Thomas inakupa 87.2. Tofauti ni milimita nne, ndogo kuliko unene wa soli ya kiatu. Ukiwa na mguu wa sentimita 75, anza na 66.2, wa sentimita 85, anza na karibu 75. Na neno hapo ni kuanza. Hakuna fomula inajua mguu wako wa kushoto ulivunjika ukiwa darasa la sita.

Ya tatu ni ya simu, na kwa umri wa wengi wenu ndio rahisi zaidi. Ambia mtu akuchukue video kutoka upande ukiendesha polepole, simu ikiwa kimo cha goti. Simamisha video pedali ikiwa chini kabisa. Chora mstari kutoka nyonga hadi goti, na mwingine kutoka goti hadi kifundo cha mguu. Goti likiwa limekunjika nyuzi 25 hadi 35 kutoka kwa mguu ulionyooka, uko sawa. Zaidi ya hapo kiti kiko chini, na chini ya 25 kiti kiko juu.

Sasa shika spana

Kabla ufungue kitu, weka alama kwa bomba la kiti na kalamu ama selotepu, ndio ujue ulikuwa wapi. Watu huruka hii hatua halafu wanashindwa kurudi.

Baiski za gia za mtumba nyingi ziko na leva ya kufungua kwa mkono ama nati ya alenki. Black Mamba na ndugu zake ziko na bolti ya spana. Legeza, zungusha kiti huku ukivuta juu. Kama bomba limeshikwa na kutu na halitoki, usipige na nyundo, mwagia mafuta, acha usiku mmoja, jaribu kesho. Likitoka, lipanguse na upake grisi kidogo. Mvua za hapa zitalishika tena usipofanya hivyo.

Pandisha nusu sentimita. Ndio, nusu. Ukiona kiti kilikuwa chini sentimita kumi, usipandishe zote leo. Misuli yako imezoea vile ilikuwa, na ukiibadilishia ghafla utatoka na maumivu mapya na useme hii makala ni uongo. Nenda nusu hadi sentimita moja, endesha siku mbili tatu, skiza mwili, pandisha tena. Ukifika karibu na kipimo, punguza hata hizo hatua.

Kwa bomba kuna mstari wa mwisho, umechorwa ama umechongwa. Ukiuona nje ya fremu umepita. Kama mstari umefutika, hakikisha angalau sentimita 7 au 8 za bomba ziko ndani. Bomba fupi likiwa limeshikwa na ncha tu linaweza kuvunjika ama kupasua fremu, na ile yenye inabaki imesimama hapo chini yako, ni afadhali tusiiongelee. Kama urefu hautoshi, nunua bomba refu. Unene wake umepigwa muhuri juu yake, kama 25.4 ama 27.2, so enda nalo kwa fundi badala ya kukisia. Kuna mafundi huchukua bomba nyembamba na kulifunga na bati la mkebe wa soda ndio litoshee. Inashika mwezi mmoja, halafu kiti kinaanza kushuka polepole bila wewe kujua na goti linarudi kulia.

Ukishafunga, shika kiti na mikono miwili ujaribu kukizungusha. Kikisonga, kaza tena.

Kuna pia kwenda mbele na nyuma. Pedali ikiwa mbele, krenki ikiwa imelala sawa na ardhi, funga jiwe kwa uzi na uliangushe kutoka mbele ya goti. Uzi ukianguka karibu na katikati ya pedali, uko poa. Kumbuka ukisukuma kiti nyuma umekiongeza urefu kidogo, so rudia kipimo cha kisigino. Mdomo wa kiti nao uwe sawa na ardhi. Ukiuinamisha chini utateleza mbele na uzito wote utaenda kwa viganja na mabega.

"Lakini sitafikisha miguu chini"

Hii ndio sababu ya kweli watu hukataa, na si ya kijinga. Kwa barabara yenye nduthi zinakukata kushoto na mathree inasimama bila indiketa, kutaka mguu chini haraka ni akili. Shida ni kuamini lazima uwe umekaa ndio ufanye hivyo.

Ukisimama, shuka kwa kiti. Funga breki, pedali moja ikiwa chini, simama juu yake, teleza mbele ya kiti, halafu weka mguu mwingine kwa ardhi. Kiti kinabaki nyuma yako. Kuondoka ni kinyume: simama juu ya fremu, pandisha pedali moja mbele, kanyaga, na uinuke ukae kama baiski ishaanza kwenda. Jaribu jioni moja kwa kiwanja cha mtaa, mara ishirini hivi, na mwili utashika. Hata wenye hushindana hawakai kwa kiti wakisimama.

Kuna kazi zenye unasimama kila mita hamsini, kama kupeleka maji mlango kwa mlango ama kubeba abiria kwa keria. Hapo mimi naona ni sawa kuacha kiti sentimita moja ama mbili chini ya kipimo, ndio upate mguu haraka mzigo ukiyumba. Sentimita moja ama mbili. Si kumi.

BMX ni stori ingine. Kiti chake kiko chini ju vijana wa stanti hawakikalii, wanasimama. Ukiichukua kuendea nayo jobo kila siku, unajiumiza kwa style.

Mamba, mizigo na milima ya huku

Black Mamba ni mzee wa kazi, na boda boda yenyewe ilianza na baiski kama hizo kule mpakani Busia miaka ya 60, kabla nduthi zichukue jina. Lakini iko na mambo mawili. Kwanza, kiti chake kiko na springi. Ukikaa kinashuka, so pima ukiwa umekaa na uzito wako wote, usipime kiti kikiwa tupu. Pili, fremu ni kubwa. Kama uko mfupi unaweza kushusha kiti hadi mwisho na bado kiwe juu sana kwako, nyonga zikicheza kila mzunguko. Hapo hakuna ujanja wa spana. Hiyo baiski si ya mguu wako, tafuta fremu ndogo.

Halafu Mamba iko na gia moja. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na ukifunga minne umebeba kilo 80, sawa na mtu mzima. Ukikazana na huo mzigo kwa mlima ukizungusha pedali polepole kwa nguvu zote, mbele ya goti itauma hata kama kiti kiko kwa kipimo sawasawa. Shuka usukume. Kama uko na gia, tumia ile nyepesi mapema, kabla mlima ukushike.

Na huku milima haikosi. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na ukingo wa Menengai unafika mita 2,278. Hiyo ni zaidi ya mita 400 za kupanda kabla ata upige selfie. Kwenda Njoro si mkali hivyo lakini ni kupanda kwa muda mrefu, na hapo ndipo kiti cha chini hukumaliza polepole. Ukipandisha kiti wiki hii, usichague Menengai kama mtihani wa kwanza. Zunguka Section 58 ama Lanet pahali ni tambarare kwanza.

Usidhani pia ni mambo ya wanaoanza. Eddy Merckx wa Ubelgiji, mwenye alishinda Tour de France mara tano, aliumia vibaya kwa ajali kule Blois, Ufaransa, Septemba 1969. Baada ya hapo hakuwahi kupata kiti chenye kinamtosha kabisa. Alikuwa anabeba spana mfukoni na kubadilisha kimo cha kiti katikati ya mashindano.

Baiski moja, watu wanne

Kwa nyumba nyingi baiski ni ya kila mtu. Asubuhi ni ya buda, mchana ni ya mathe kuenda soko, jioni ni yako. Hapo mnaishia kuacha kiti kwa kimo cha mfupi kuliko wote na wengine wanaumia. Kata selotepu ya rangi tofauti kwa kila mtu, uzungushe kwa bomba kwa kimo chake. Mzae atasema ni mchezo wa watoto, mpimie tu kwa heshima na umwache aendeshe siku tatu. Leva ya mkono inafanya hii kazi iwe ya sekunde kumi, ingawa pia inafanya kazi ya mwizi iwe ya sekunde kumi. Ukiegesha mjini, enda na kiti chako ama weka bolti ya kawaida.

Wakati kiti si jibu

Kuna maumivu yenye spana haiwezi. Goti likivimba, likiwa moto, likijifunga lisinyooke, likikuacha ghafla ukitembea, likiuma usiku ukiwa umelala, ama kama yote yalianza baada ya kuanguka, wacha baiski na uone daktari. Iwe ni pale hospitali ya rufaa ya kaunti, yenye wengi bado wanaiita PGH, ama kliniki karibu na wewe. Pia kama umerekebisha kiti, umepunguza mzigo na wiki tatu zimepita bila mabadiliko, enda. Mwambie daktari unaendesha baiski kiasi gani kwa siku na unabeba nini, na kama uko na ile video ya simu, mwonyeshe.

Ukienda Hell's Gate wikendi

Wengi wenu hupanda baiski mara moja kwa mwaka, mkienda Hell's Gate na squad, halafu Jumatatu mnalia magoti kwa WhatsApp. Ni moja ya mbuga chache Kenya zenye unaruhusiwa kuendesha baiski kati ya punda milia na twiga, na baiski za kukodi ziko njiani ukielekea Elsa Gate. Kabla ulipe, fanya kipimo cha kisigino hapo hapo mbele ya mwenye baiski. Muombe spana, huwa anayo. Cheki leva ya kiti inashika, ju hizo baiski zimefunguliwa na watu wengi na zingine zimechoka; ukikaa na kiti kishuke chenyewe, omba ingine. Jaribu breki zote mbili na gia nyepesi. Kuenda kwa gorge huwa rahisi na kila mtu anacheka. Ni kurudi, jua likiwa kali na mchanga ukishika magurudumu, ndio utajua kama ulipima.